Kilichoanguka Kwenye Mianzi

Mwende,

Umeenda kwa shangazi yako Mashimoni kuaga, na mama yako ametoka kutafuta soksi nzito sokoni. Ploti imetulia, kwa hiyo nimeacha cherehani nikachukua karatasi hii. Mambo ya blanketi, dawa ya kifua na kupiga simu ukifika, mama yako ameyamaliza, hata ameyaandika. Mimi nina jambo lingine. Limenikaa kooni miaka kumi na tisa.

Utaona nimekushonea kifuko kwenye mkanda wa begi lako, ule wa bega la kushoto. Ni cha kubebea ile GPS mtakayopewa kwa hiyo kazi ya misituni. Kuisoma mtafundishwa. Mtafundishwa kuweka alama mahali mlipoanzia na kufuata njia yenu kurudi. Sidhani kama kuna atakayewafundisha kuibeba isipotee, kwa sababu watu huona hilo ni jambo dogo.

Kifuko nimekiweka juu, karibu na mfupa wa bega, ili kile kidude kione anga. Ukikitia mfuko wa suruali, au chini kabisa ya begi, kitahangaika kushika setilaiti. Nimepiga mshono mara mbili kwa uzi wa nailoni, nikaupitisha hadi kwenye mkanda wenyewe, si kwenye sponji tu. Kuna kifuniko, lakini usikitegemee kifuniko. Ndani utakuta kamba nyembamba. Mwisho mmoja nimeushona kwenye mkanda, na mwisho wa pili una kishikio cha chuma, huo uunganishe na lile tundu dogo la GPS. Juzi nilikuambia unyooshe mkono ukadhani nataka kukushonea sweta. Nilikuwa napima hiyo kamba. Inatosha kukileta kidude mbele ya macho yako, na haitoshi kuning'inia mpaka kinase kwenye matawi. Ukivua begi, toa bega la kulia kwanza. Mkivuka mto, kifungue kwenye begi ukifunge mwilini, ndani ya jaketi, kwa sababu mtoni mtu anaweza kulazimika kuliacha begi liende. Na betri za akiba ziweke karibu na ngozi. Baridi huzimaliza.

Sasa utajiuliza fundi wa mabegi wa Kawangware 46, mtu ambaye hata matembezi ya kanisa hukataa kwenda, alijifunza wapi hayo yote.

Ulikuwa na miaka mitatu. Tuliishi Mashimoni wakati huo, huko Kibera, na rafiki yangu mkubwa alikuwa Otieno, wa Kisumu Ndogo, mtaa wa jirani. Wewe humkumbuki, ingawa alikuwa anakubeba mabegani mkizunguka ploti nzima. Otieno alikuwa na kazi ya kubebea wageni mizigo milimani. Mara kwa mara aliniletea mabegi yaliyochanika nimtengenezee. Siku moja akaja na begi ambalo klipu yake ya mkanda ilikuwa imeng'oka, akaniambia kuna nafasi.

"Mutua, twende Aberdare wiki ijayo. Mtu mmoja amegonjeka. Siku nne tu."

"Mimi sijawahi kupanda mlima."

"Unapanda ngazi za kutoka bombani kila siku na mtungi. Ni kitu kimoja. Nishawaambia wewe si mtu wa ovyo."

Nikakubali. Begi lenyewe lilikuwa lile nililokuwa nalitengeneza. Klipu niliishona usiku wa mwisho kwa haraka, mshono mmoja, nikijiambia nitairudia tukirudi. Sikiliza hapo, Mwende. Mimi ndiye niliyeishona, na nilijua haijakaa vizuri.

Tulikuwa watano. Kiongozi aliitwa Kariuki, mzee mpole aliyeujua mlima lakini macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Wageni walikuwa mke na mume, walimu. Halafu Otieno na mimi. Siku ya pili asubuhi Kariuki akanipa GPS yake.

"Wewe una macho mazuri," akasema. "Tembea nyuma yangu. Nikikuuliza, nisomee."

Nikafurahi kama mtoto aliyepewa ufunguo wa nyumba. Nikaitundika kwenye ile klipu. Haikuwa na kamba.

Saa nne hivi tukaingia kwenye mianzi. Hujawahi kuona mianzi ya namna hiyo. Imesimama bega kwa bega mpaka mchana unakuwa wa kijani, na ile iliyoanguka imelazwa njiani, kwa hiyo unapita chini yake ukitambaa, begi likikwaruza juu. Tulitambaa hivyo labda saa nzima. Tukatokea kwenye kijito, watu wakainama kunywa maji, na mimi nikapeleka mkono begani. Nikakuta uzi. Uzi mtupu, umekatika.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Ningesema "Mzee, imeanguka," tungerudi nyuma kwa nyayo zetu, ambazo bado zilikuwa zinaonekana kwenye matope. Huenda tungeipata. Hata tusingeipata, tungejua tuko wapi. Mzee mwenyewe alikuwa amechuchumaa hatua tatu kutoka kwangu, akisugua miwani yake kwa shati. Nikamwangalia. Nikamwangalia Otieno, aliyekuwa amesema mimi si mtu wa ovyo. Nikafunga jaketi langu mpaka shingoni, mkanda wa begi ukafunikwa.

Najua utasema ni kitu kidogo. Ni zipu tu, kuivuta juu. Nimefanya kazi ya zipu maisha yangu yote na hakuna niliyoifunga kwa ubaya kama ile.

Baadaye kidogo tukafika mahali njia inagawanyika. Zote mbili zilikuwa njia za ndovu, pana na zimekanyagwa vizuri, ndiyo maana zinadanganya watu. Kariuki akageuka.

"Mutua, inasema nini?"

Nikaingiza mkono ndani ya jaketi. Nikauinamisha uso kana kwamba nasoma kifuani. "Bado inatafuta, Mzee. Hii mianzi inaizuia."

Akaniamini, kwa sababu kweli mianzi huizuia. Uongo mwingine huwa rahisi hivyo. Unachukua ukweli ulio karibu na kuuvaa.

Otieno akasema, "Mimi nadhani kulia. Nilipita huku mwaka juzi, kulia kuna mgongo wa mlima."

Tukaenda kulia. Mgongo wa mlima haukuwepo. Njia iliteremka, ikateremka tena, na ukungu ukaja kutoka chini kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji. Tulipoona kosa tulikuwa ndani ya bonde jembamba, kuta za mawe pande mbili, kijito katikati, na mvua imeanza. Kariuki akajaribu kuturudisha tulikotoka. Mteremko ulikuwa umegeuka matope, kila hatua mbili juu tunateleza tatu chini. Mwalimu yule wa kike akaanza kulia kimya kimya, bila kupangusa uso.

"Mutua," Kariuki akasema, "lete hiyo mashine niione mwenyewe."

Hapo sikuwa na pa kwenda. Nikafungua jaketi, nikashika ule uzi, nikasema, "Mzee, imeanguka. Sasa hivi tu, nilipoteleza pale."

Sasa hivi tu. Nilijua iko nyuma yetu kwa saa tano, chini ya mianzi, na nikawaonyesha kwa kidole mahali ambapo haikuwa.

Wote wakaanza kuitafuta. Mwanga uliobaki ulikuwa wa kutupatia mahali pakavu pa kulala, na tuliutumia kupekua majani. Mimi pia nikapekua. Nilipiga magoti nikageuza mawe. Nikamsikia Otieno akisema, "Labda imebingirika mpaka kwa maji. Ni mimi nimewaleta huku, acha niende niangalie." Nikamwambia asiende, pana utelezi. Hilo nililisema, na kwa miaka mingi nilijifariji nalo. Lakini sikumwambia neno moja ambalo lingemsimamisha.

Akashuka. Tukasikia jiwe likitoka, kisha tukamsikia yeye.

Aliumia nyonga na paja la kulia. Tulimtoa kwenye maji mimi na Kariuki, tukamlaza chini ya mwamba uliotokeza kidogo kama paa la kibanda. Tukakaa hapo usiku huo, siku iliyofuata yote, na usiku mwingine. Siwezi kukueleza vizuri ile siku. Ukungu haukuondoka hata dakika moja. Ulikuwa unanyoosha mkono na vidole vinapotea. Kijito kilikuwa kimepanda, mbele hapapitiki, nyuma ni matope, juu ni mawe, na katikati ni mwanamume anayeuma mkanda wa begi ili asipige kelele mbele ya wageni. Mchana haukuwa na tofauti na jioni. Nilihisi nimeshonewa ndani ya gunia. Na wenzangu angalau walikuwa wamefungiwa na mlima tu.

Otieno alitetemeka sana. Nililala nimemkumbatia kutoka nyuma, jaketi zetu mbili juu. Mara moja akaniambia, "Pole, ndugu yangu. Nimekutoa kwa mtoto wako nikakuleta kupotea." Nikamwambia anyamaze apumzike.

Alfajiri ya siku yetu ya tatu humo bondeni ukungu ukapasuka, Kariuki akapanda kwa mikono na magoti, akaenda. Mchana akarudi na askari wa msitu wanne na machela. Kumbe hatukuwa mbali. Kutoka kwa lile bonde hadi barabara ya wakata miti ni mwendo wa saa mbili. Tuliishia humo kwa kukosa kujua ni upande gani.

Otieno alikaa hospitali muda mrefu. Hakupanda mlima tena. Nilienda kumwona mara mbili. Mara zote aliwaambia watu wa vitanda vya jirani, "Huyu ndiye alinishikilia nisife na baridi." Wagonjwa wakaniangalia kwa heshima. Mara ya tatu nilifika mpaka langoni nikarudi.

Ndiyo sababu tulihamia Kawangware, Mwende. Mama yako alidhani nimepata kibanda kizuri. Sikutaka kukutana na Otieno kwenye njia za Kibera akitembea na fimbo. Nikaweka cherehani hapa 46, nikageuza uso ukutani, na huku ndiko nimekaa. Unakumbuka ulivyokuwa ukiuliza kwa nini sipendi mlango ufungwe wakati wa mvua. Unakumbuka ulivyoomba tuende nawe kuona vilima vya Ngong, pale karibu tu, na mimi nikasema mgongo unaniuma. Mgongo wangu ni mzima. Nilikuwa nimeacha nchi nzima nikabaki na chumba, na nikaanza kuamini kwamba chumba ndicho salama, na kwamba nikikuweka wewe pia humo nitakuwa nimekulinda.

Sasa nafika kwa jambo lako.

Mwaka jana, ulipotuma maombi ya hii kazi ya kupima misitu, simu yako ilikuwa imenyakuliwa mjini, ukaandika namba yangu. Ulingoja. Kila jioni ukirudi kutoka kusuka nywele ulikuwa unauliza, "Baba, hakuna kitu?" Na mimi nikasema hakuna.

Kilikuwepo. Ujumbe ulikuja siku ya Jumatano, nikiwa hapa kwa cherehani. Walikuita uripoti baada ya wiki mbili. Walitaja msitu wenyewe. Nikasoma jina la ule mlima, nikaona mianzi, nikakuona wewe chini yake. Nikaufuta ujumbe. Nikamalizia kushona zipu niliyokuwa nayo mkononi.

Uliniambia mwezi uliofuata, umekaa pale kwa ngazi, "Baba, labda mimi si wa maana kwa hizo vitu." Nikakujibu kwamba Mungu ana mpango. Nililitumia jina la Mungu kufunika kidole changu mwenyewe. Mwaka mzima umesuka watu nywele ukijiona hutoshi, na ulikuwa umechaguliwa. Kama wasingetangaza tena, na kama hungejaza tena kwa simu yako mwenyewe bila kuniambia, ungekuwa bado hapo kwa ngazi.

Ulipoleta habari mwezi uliopita, ukiruka na kumshika mama yako, niliona kwamba nimefanya kitu kile kile mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa naogopa aibu. Mara ya pili niliuita upendo. Hata hivyo mkono ni ule ule, unaofunga zipu.

Jumapili iliyopita sikuja kanisani. Nilikuambia nina kazi ya mteja. Nilienda Kisumu Ndogo.

Nilimpata Otieno nyuma ya meza ya kuuzia omena, wale samaki wadogo, yeye na mke wake. Amekuwa na mvi. Fimbo imeegemea meza. Aliponiona akacheka.

"Mutua wa Kitui. Niaje? Nilidhani ulikufa."

Mke wake akanipa stuli. Otieno akaanza kumwambia, "Huyu ndiye yule nilikuambia, wa mlimani." Nikamzuia. Nikamwomba aniache niseme kabla hajanisifu. Nikamwambia yote. Kijito, uzi, jaketi. Nikamwambia ilianguka saa tano kabla ya kusema imeanguka, na kwamba alipoteremka kuitafuta nilijua haipo.

Mteja akaja akitaka omena ya kikombe kimoja. Otieno akampimia, akaongeza kiganja, akafunga gazeti vizuri. Mteja akaenda. Ndipo akaongea, na hakupandisha sauti.

"Miaka hii yote mimi nawaambia watoto wangu nilipotosha watu. Kwamba nilisema kulia kwa kiburi. Yule mama mwalimu alilia kwa sababu yangu. Nimeomba msamaha kanisani kwa hiyo kitu, Mutua, mbele ya watu."

"Najua."

"Hujui. Hukuwepo. Ulihama."

Mke wake alikuwa ameacha kuchambua omena, ameshika mikono yake tu. Nikasema, "Nisamehe." Akaangalia njia, watu wakipita.

"Mguu ningekusamehea leo," akasema. "Mguu ni mguu. Hiyo ingine sijui. Enda nyumbani. Ukitaka kuja siku ingine, kuja. Usitume mtu, na usilete kitu."

Nikaenda. Sikupata nafuu niliyoitarajia. Nilikuwa nimefikiri kwamba ukweli ukishatoka kifuani mtu hutembea akiwa mwepesi. Nilitembea kutoka Kisumu Ndogo mpaka hapa, na kila hatua nilikuwa naona mzigo niliomwachia mwingine abebe. Zile saa tano zangu zilimfunga Otieno kuliko lile bonde. Bonde lilimfungua siku ya tatu.

Kwa hiyo mwanangu, kamba ile ni nzuri na nimeishona kwa akili yangu yote, lakini hata kamba hukatika. Siku moja kitu kitapotea kutoka mkononi mwako. Kama si GPS, itakuwa hesabu ya miti uliyokosea, au mwenzako uliyemwacha nyuma akapotea. Utahisi shingo ikipata joto. Utaona dakika moja ambayo unaweza kusema, na dakika hiyo itaonekana mbaya kuliko zote. Sema ndani yake. Sema hata kwa kigugumizi. Ile inayofuata huwa mbaya zaidi, na ile ya baada ya hiyo, mpaka unajikuta na miaka. Mimi siwezi kukuambia hili kama mtu aliyelishinda. Nakuambia kama mtu aliyeko ndani bado, anayekuonyesha ukuta uko wapi.

Sikuombi unisamehe kwa sababu ya safari. Wala usifikirie kwamba ni lazima uondoke ukinicheka na kunikumbatia ili majirani waone. Ukitaka kwenda stejini kupanda basi na mama yako peke yake, nitaelewa, nitabaki. Ukiwa huko na hutaki kuongea nami, ongea na yeye, nami nitauliza kwake kama umekula.

Mama yako nilimwambia asubuhi, kuhusu ujumbe, na kwamba nitakuandikia barua. Alikuwa anakunja nguo zako. Hakugeuka. Alisema, "Baba Mwende, utamwambia kabla hajaenda, si baada. Usimfanye asome hiyo kitu akiwa peke yake msituni." Tangu hapo hajaniongelesha. Soksi alizotoka kutafuta, nadhani alitaka tu kutoka.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukishafika, mimi nikiwa mbali. Nimeona hiyo ni njia ile ile.

Nasikia ukisalimiana na Mama Brayo hapo langoni, unamwambia shangazi amekulazimisha kula mara mbili. Unakuja. Nitakupa karatasi hii mkononi, na nitakaa hapa kwenye stuli, mbele yako, mpaka umalize kusoma.

Baba yako,
Mutua